Penye Miti Hapana Wajenzi: Neno juu ya Safari za Wanafunzi Msituni

Katika shule zetu nyingi imeenea desturi ya kuwapeleka watoto msituni, ili wajifunze maarifa ya viumbe mahali viumbe vyenyewe vilipo. Hapo kwanza mtoto alijifunza habari za jani kwa kutazama picha ya jani iliyochorwa ubaoni kwa chaki, hali majani yenyewe yalikuwa yakipepea nje ya dirisha. Sasa basi la kukodi laja alfajiri, watoto waingia wakiimba, nao wapelekwa mbali waone miti mikubwa, maporomoko ya maji na vinyonga. Wazazi watoa nauli, walimu waandika barua za ruhusa, na watu wote wasema: Naam, hii ndiyo elimu ya kweli.

Mimi nami nasema desturi hii ni njema. Lakini jambo jema likifanywa ovyo laweza kutudanganya kuliko jambo baya. Kwa kuwa ubaya wa jambo baya huonekana upesi, bali upungufu wa jambo jema hufichwa na sifa zake. Kwa sababu hiyo nataka kuzipima safari hizi, kama mnunuzi apimavyo nguo dukani, ambaye haridhiki na upande wa nje, huigeuza atazame na mishono ya ndani. Simlaumu mwalimu fulani wala shule fulani. Naipima namna yenyewe ya safari hizi, ambayo tumeipokea sote pasipo kuihoji.

Ili maneno yangu yasielee hewani, nitatwaa mfano wa mahali pamoja panapojulikana, yaani Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, juu ya Muheza. Ni vigumu kupata mahali pafaapo zaidi kwa somo hili. Mwaka 1902 Wajerumani walijenga pale chuo cha kuchunguza mimea na kilimo, wakaleta miti kutoka pande nyingi za dunia na kuipanda katika bustani kubwa, ambayo sehemu yake ingaliko. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliendeleza kazi ya uchunguzi mahali pale pale. Mwaka 1997 msitu wa Amani ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, nayo ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo katika Tanzania. Eneo lake ni kama hekta 8,380. Mvua ya mwaka mmoja yakaribia milimita 2,000, na maji ya milima ile hushuka katika mto Zigi, ambao ndio unaowanywesha watu wa mji wa Tanga.

Tena ni nchi yenye viumbe visivyopatikana mahali pengine. Mwaka 1892 mtawala Mjerumani wa Usambara, aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la rangi ya samawati iliyoiva limejishikiza penye miamba yenye kivuli. Alipeleka mbegu zake Ulaya, na mwaka uliofuata wenye elimu wakalipa jina la Saintpaulia kwa kumheshimu. Leo ua hilo lakaa katika vyungu kwenye madirisha ya nyumba za watu Ulaya na Marekani, na wengi wanaolinywesha maji kila asubuhi hawajui ya kuwa nyumbani kwake ni Tanga. Hatuwezi kuwashangaa sana, maana na sisi wenyewe wengi hatujui.

Basi, shule inapowaleta watoto mahali kama hapa, twatazamia mambo makubwa. Je, twayapata?

Safari yenyewe huwa hivi. Basi lafika saa nne, jua limekwisha kupanda na ndege wa asubuhi wamekwisha kunyamaza. Watoto 60 washuka, wapangwa mstari mmoja, kwa kuwa njia ya msituni ni nyembamba. Mbele yuko mwongozaji wa hifadhi, mtu mwenye maarifa na moyo mwema. Nyuma kabisa yuko mwalimu, ili asipotee mtoto. Mwongozaji asimama chini ya mti, ataja jina lake la kienyeji na jina lake la Kilatini, aeleza kama ni dawa au ni mbao, kisha aendelea mbele. Watoto kumi wa kwanza wasikia. Wa katikati waulizana, Amesema nini? Na wale wa mwisho walipokea jina lililokwisha kupita katika vinywa vya wenzao 50, nalo limegeuka kama habari ya msiba iliyopita vijiji saba. Hata hivyo waliandika. Saa sita watoto wapiga picha penye maporomoko ya maji, saa saba wala wali, na saa tisa basi laondoka.

Jumatatu mwalimu awaagiza waandike insha, "Safari Yetu ya Amani." Nimezisoma insha za namna hii kwa miaka kadhaa sasa, nazo zasema neno moja: Tuliamka mapema, tukapanda basi, tukaona miti mingi na ndege wa kupendeza, tukala, tukarudi salama, tunawashukuru walimu wetu. Ukifuta majina ya wenye insha, hata mama mzazi hatamtambua mwanawe. Mtoto hakuandika jambo hata moja ambalo yeye mwenyewe aliliona na mwenzake hakuliona. Hapo ndipo pana upungufu wa kwanza: twawafundisha watoto kwamba kujua ni kusikia majina. Jina ni mlango, wala si nyumba. Mtoto anayejua majina ya miti 40, lakini hajui kwa nini chini ya mti mmoja pana miche mingi na chini ya mwingine hapana hata mmoja, huyo amesimama mlangoni tu.

Nitaeleza maana yangu kwa habari iliyotokea pale pale Amani, ambayo yafaa kila mwalimu aijue kabla hajakodi basi.

Kuanzia mwaka 1928 alikaa Amani Mwingereza mmoja, jina lake Reginald Moreau. Huyu hakuwa bwana wa elimu ya ndege kwa kazi yake. Alikuwa ameanza maisha katika ofisi ya ukaguzi wa hesabu za jeshi. Kwa hiyo alipowageukia ndege, alikwenda kwao na tabia ya mtu wa hesabu: aliuliza, mara ngapi? kwa muda gani? kiasi gani? Kiumbe mmoja aliyemchunguza pamoja na mkewe Winifred ni hondohondo, yule ndege mkubwa mwenye pembe juu ya mdomo, ambaye mabawa yake huvuma kama upepo anapopita juu ya miti. Wakati wa kuzaa, jike huingia katika tundu la mti, na mlango wake huzibwa kwa udongo hata ubakie ufa mwembamba tu. Humo ndani hufungwa siku 100 na zaidi, akiatamia na kulea, na dume humlisha kwa kupitisha matunda katika ule ufa.

Habari hii mwongozaji yeyote aweza kuwaambia watoto, nao watasema, Ajabu! na kupita. Lakini Moreau hakutosheka na ajabu. Palikaliwa chini ya mti, saa mkononi na daftari magotini, siku baada ya siku, na kila dume alipokuja iliandikwa. Habari hizo zilichapwa mwaka 1941, na hesabu yake ni hii: dume mmoja, katika siku 120, alikadiriwa kufika penye tundu mara 1,600, na kuleta matunda 24,000.

Mwalimu mwenzangu, zitazame hesabu hizo. Gawanya 24,000 kwa 1,600, utapata matunda 15 katika kila safari. Gawanya 1,600 kwa 120, utapata safari kama 13 kila siku. Kisha jiulize: mbegu za matunda 24,000 zaenda wapi? Ndege huyu hameng'enyi kokwa. Huzitapika au huziangusha, na nyingine huangukia mbali sana na mti uliozizaa. Basi hondohondo ni mpanzi wa msitu. Na msitu ambao hondohondo ameuhama, ni nani atakayeupanda? Ona jinsi swali moja, "mara ngapi?", lilivyofungua hesabu, elimu ya ndege, elimu ya mimea, na shauri la kutunza nchi, yote kwa pamoja. Hii ndiyo sayansi. Wala haikuhitaji chombo kikubwa. Ilihitaji saa, kalamu, daftari na makalio yenye subira.

Katika habari hiyo hiyo mna jambo jingine ambalo safari zetu zalisahau, nalo ni upungufu wa pili. Katika kazi zake za kutafuta na kutazama ndege Moreau aliwategemea sana wasaidizi Waafrika, na mmoja wao, Salimu Asmani, jina lake limehifadhiwa katika historia ya elimu ya ndege. Watu wa milima ile ndio waliojua tundu liko wapi, ndege yupi hulia wakati gani, na njia ipi yapitika wakati wa masika. Elimu iliyochapwa kwa Kiingereza ilipandwa juu ya maarifa yaliyokuwa yakisemwa kwa Kishambaa na Kiswahili.

Lakini leo twawachukua watoto wetu kutoka vijijini, twapita nao mbele ya nyumba za wazee waliozaliwa kando ya msitu, wala hatumpi mzee hata mmoja nafasi ya kusema. Mzee aketi barazani atazama basi likipita na vumbi lake. Yeye ajua mti uitwao msambu, ajua mwezi ambao matunda yake mazito huanguka, ajua panya gani huyavizia, na jinsi mama zake walivyokamua mafuta katika mbegu zake. Mti huo wenye elimu wameuita kwa jina la Stuhlmann, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa chuo cha Amani; na katika miaka ya 2000 makampuni ya ng'ambo yalianza kuzinunua mbegu zake kutoka kwa wanavijiji kwa ajili ya mafuta hayo hayo. Basi mgeni wa ng'ambo alijua pa kwenda kuuliza, na sisi walimu hatujui? Wazee wetu walisema, Penye miti hapana wajenzi. Sikudhani ya kuwa neno hilo lingetufaa sisi tuliosoma.

Hata hivyo sisemi kwamba kila lisemwalo na wazee ni kweli kwa kuwa ni la zamani. Wako wengi wanaosema kinyonga ana sumu, na watoto humpiga mawe kwa ajili hiyo. Kinyonga hana sumu. Mwanafunzi aliyefundishwa vema amsikiliza mzee kwa adabu, aliandika neno lake, kisha aenda kutazama. Akikuta ni kweli, amempa mzee heshima mara mbili. Akikuta si kweli, amempunguzia kinyonga mawe. Maneno ya mwongozaji nayo, na maneno ya kitabu, na maneno ya mwalimu, yapaswa kupita katika ungo huo huo. Hapo adabu na uchunguzi havigombani.

Upungufu wa tatu ni huu: safari hizi ni za mara moja, tena ni za mbali. Mtoto huenda msituni siku moja katika miaka yake yote ya shule, kama mtu aendaye mjini kumwona tembo katika kizimba. Lakini msitu hausomeki kwa siku moja. Wabadilika mwezi kwa mwezi, na mambo yake makubwa huenda polepole. Nitatoa mfano. Tangu mwanzo wa karne ya 20 uliletwa Amani mti wa asili ya nchi za magharibi, pande za Ziwa Viktoria, ambao Waganda huuita musizi. Ni mti wa kukua upesi. Miaka ya 1970 na 1980 miti mingi ya asili ilikatwa kwa mashine katika Usambara Mashariki, msitu ukawa na nafasi wazi, na mti huu mgeni ukaingia katika nafasi hizo. Ni nani aliyekuwa akiupanda? Ni yule yule hondohondo wetu, anayependa matunda yake. Wataalamu wengine waliogopa ya kuwa utaumeza msitu wote. Wengine, baada ya kupima, wakasema hofu hiyo ilizidi kiasi. Ubishi huo hauamuliwi kwa kelele, huamuliwa kwa kurudi mahali pale pale mwaka baada ya mwaka na kuhesabu miche.

Sasa fikiri, ndugu msomaji: kazi ya kuhesabu miche ya mti mmoja katika kipande kimoja cha msitu, kila mwaka mwezi ule ule, ni nani awezaye kuifanya vizuri kuliko shule iliyo karibu? Mtaalamu hutoka mbali, hukaa miezi mitatu, fedha zake zikiisha huondoka. Shule haiondoki. Darasa la sita la mwaka huu litaliachia daftari darasa la sita la mwaka ujao. Baada ya miaka kumi kijiji kitakuwa na kitabu cha msitu wake ambacho hakipatikani katika chuo chochote. Badala ya hayo twawapeleka watoto kilomita 200 wakapige picha, kisha twawarudisha nyumbani, ambako nyuma ya shule pana kichaka ambacho hakijatazamwa na mwalimu hata mmoja ila kwa kutafuta fimbo.

Najua majibu ambayo nitajibiwa, nami sitaki kuyakwepa.

Wa kwanza atasema: Mtihani hauulizi habari za hondohondo. Kweli, lakini mtihani wauliza habari za mbegu kusambaa, za viumbe kutegemeana, za maji kuzunguka kati ya nchi na mawingu. Mtoto aliyeziona habari hizo kwa macho yake hazikariri, azikumbuka. Tena serikali ya Tanzania katika mtaala wa mwaka 2005 ilisisitiza ya kuwa mwanafunzi apate umahiri wa kutenda, wala si kukariri tu, na mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 yafuata njia hiyo hiyo. Basi hatuvunji amri, twaitii.

Wa pili atasema: Hatuna fedha. Hilo nakubali upesi, na kwa sababu hiyo hiyo naipinga safari ya basi ikiwa ndiyo safari ya pekee. Katika darasa la watoto 60, kumi au ishirini hawana nauli, nao hubaki nyumbani siku ile wakilisha mbuzi. Aghalabu hao ndio watoto walio karibu zaidi na msitu, ambao wangeweza kuwafundisha wenzao. Kwenda kwa miguu kichakani hakuna nauli, na hakumwachi maskini nyuma.

Wa tatu atasema: Je, nyoka? Je, mtoto akipotea? Neno hili ni la mzazi, na mzazi ana haki ya kuliuliza. Dawa yake ni kuwagawa watoto vikundi vidogo, kila kikundi na mtu mzima wa kijiji anayeijua njia, watoto wavae viatu vya kufunika miguu, wasitie mkono ndani ya tundu wala chini ya gogo pasipo kutazama kwanza. Watoto 60 katika mstari mmoja nyuma ya mtu mmoja wamo hatarini zaidi kuliko watano watano pamoja na mama au babu aliyezaliwa pale.

Kulaumu ni kazi rahisi, na mkosoaji asiyeonyesha njia ni kama mbwa abwekaye msafara. Kwa hiyo nitaeleza somo moja ambalo shule yoyote iliyo karibu na msitu, hata uwe mdogo, yaweza kulifanya kwa asubuhi moja.

Waondoke mapema, saa kumi na mbili na nusu, kabla ya joto. Kila kikundi cha watoto watano kichukue kamba ya mita nne, yenye fundo kila mita, vijiti vinne, makopo mawili yaliyokatwa pande zote mbili, chupa za maji, saa moja na daftari. Wakifika chini ya miti wasiambiwe jina lolote. Waketi kimya dakika kumi, kila mmoja aandike alichosikia na alichoona. Watoto wetu hawajazoea kukaa kimya kwa kazi, hukaa kimya kwa hofu tu. Basi hili nalo ni somo.

Kisha waifunge kamba katika vijiti vinne, wapate mraba wa mita moja kila upande. Ndani ya mraba huo wahesabu: aina ngapi za majani, miche mingapi, jongoo wangapi, mchwa, nyungunyungu, uyoga. Wapime kwa kidole unene wa majani makavu yaliyolala juu ya udongo. Hapo ndipo mzee aitwe, awaambie majina, na watoto watayashika, kwa kuwa sasa jina lapewa kitu ambacho wamekwisha kukitazama. Jina lililokuja kabla ya kitu hupotea njiani. Jina lililokuja baada ya kitu hukaa.

Mwisho waendeshe kopo moja katika udongo wa msitu, liingie kiasi cha vidole viwili, wamimine chupa moja ya maji, na kutazama saa mpaka udongo uyameze yote. Halafu watoke nje ya msitu, waende penye shamba lililolimwa mfululizo au uwanja uliokanyagwa na ng'ombe, wafanye vile vile kwa kopo la pili na kiasi kile kile cha maji. Waandike muda wa mahali pote pawili. Mwalimu asiwaambie jibu kabla. Kwa kawaida udongo wa msituni, wenye majani yaliyooza, mizizi na vijitundu vya wadudu, huyanywa maji upesi, na ule uliokanyagwa huyaacha yasimame juu au yatiririke kando. Lakini mtoto na aone mwenyewe, na kama kikundi kimoja kimepata jibu jingine, vema zaidi, maana hapo kuna la kuulizana: Je, tulimwaga haraka? Je, palikuwa na jiwe chini? Je, mvua ilinyesha jana?

Mtoto aliyefanya hivyo ameuelewa mto Zigi pasipo kwenda Tanga. Amejua ya kuwa maji yaliyomezwa na msitu wakati wa masika hayakupotea. Huenda chini polepole, na hutokea chemchemi wakati wa kiangazi, mashamba yakiwa yamekauka. Amejua pia kwa nini maji yasiyomezwa hushuka mtoni kwa ghafula, yakiwa mekundu kwa udongo wa shamba la baba yake. Siku ile jioni akimwambia baba yake, hatasema, Mwalimu amesema msikate miti. Atasema, Baba, nilimwaga maji nikayahesabia saa.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Jambo hili si la kupendeza wageni, wala si la kupata vyeti vya kutundika ofisini. Chini ya Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002, kijiji chaweza kuwa na msitu wake chenyewe na kuutunza kwa kamati yake. Watu watakaoketi katika kamati hizo baada ya miaka 15 ni watoto hawa tulio nao madarasani. Ataletwa mbele yao mtu anayetaka kukata magogo, na mwingine anayetaka kupanua shamba kwa kuwa watoto wake wana njaa, na mwingine anayesema kijito kimekauka. Haya si maneno ya mchezo. Ndugu hugombana kwa ajili yake. Ikiwa wajumbe wale walifundishwa majina tu, watamfuata aliye na sauti kubwa au aliye na fedha. Ikiwa walifundishwa kutazama, kuhesabu na kurudi tena, watasema, Haya, na twende tukaone, tupime, kisha tuamue. Watakosea mara nyingine, kama watu wote wakosavyo, lakini hawatakuwa wageni katika msitu wao wenyewe.

Kwa hiyo wazazi, mtoto atakapoleta barua ya kuomba nauli ya safari ya msituni, toeni kama mnazo, lakini mwulizeni mwalimu maneno matatu: Mtoto wangu atahesabu nini? Ni nani wa kijiji kile atakayesema nao? Na watarudi lini tena? Mwalimu mwema hatachukizwa na maswali hayo. Atafurahi kwamba kuna mtu anayeipima kazi yake. Na walimu wenzangu, Amani na misitu mingine mikubwa tuiendee, lakini tuiendee baada ya watoto kukisoma kichaka kilicho nyuma ya shule, ili wafike pale na maswali yao tayari, kama mtu aendaye kwa fundi mkubwa akiwa amekwisha kujifunza kushika randa.

Haya ndiyo niliyoyaona juu ya safari hizi. Kama kuna shule iliyokwisha kuanza daftari la msitu wake, na ituandikie katika gazeti hili ilihesabu nini, mwezi gani, na ilipata ngapi, ili shule nyingine zipate mahali pa kuanzia.